Wanaongoja Ukurasa Kisarawe

Kwa sisi tuliokulia Dar es Salaam, Kisarawe ni jina lililoandikwa kwenye paji la daladala. Tunajua mkaa unatoka huko, mihogo na korosho vinatoka huko, na rafiki zetu Wazaramo wakifiwa huenda kuzika huko. Kupanda gari ukaenda mwenyewe ni habari nyingine. Mimi nilikuwa sijawahi, mpaka mwalimu mmoja mstaafu niliyefahamiana naye kwenye maonyesho ya vitabu aliponipigia simu usiku.

"Mwanangu, bado unaandika peke yako?"

"Bado, mwalimu."

"Basi njoo kwetu Jumamosi. Tuko watu wachache, tunasomeana. Lakini usije mikono mitupu. Uje na kurasa."

Nikamuuliza kikundi kinaitwaje. Akasema hakina jina, hakijasajiliwa, hakina mwenyekiti wala muhuri. Kina siku yake, kibaraza chake na watu wake.

Nilikubali papo hapo, kwa sababu kuna jambo ambalo miaka ya kuandika chumbani imenihakikishia. Waandishi wengi wa kwetu wanaoachia njiani wana kipaji, na muda wangeupata wakiutafuta. Wanachokosa ni mtu anayengoja ukurasa unaofuata. Mchapishaji hawajui. Ndugu wanawaheshimu, lakini kila mmoja ana shughuli zake. Mswada unakaa juu ya kabati kwenye mfuko wa nailoni, mwaka unapita, mwenyewe anaanza kuuonea haya. Nilitaka kuwaona kwa macho watu wanaongojeana.

Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, inakupitisha kwenye viwanda, uwanja wa ndege, Banana, kisha Ukonga penye gereza. Gongo la Mboto nikashuka kubadili gari. Konda wa daladala la Kisarawe alikuwa akipanga magunia matupu chini ya viti, na abiria wanayaruka bila kulalamika, maana kila mtu anajua jioni yatarudi yamejaa. Tukapita Pugu Mnadani kwenye ng'ombe, tukafika Pugu Kajiungeni ambako njia inagawanyika, moja inakwenda Chanika na nyingine inapanda Kisarawe.

Hapo Pugu nilitoa kichwa dirishani. Julius Nyerere alifundisha hapa, katika shule ya Mtakatifu Francis, baada ya kurudi kutoka Edinburgh, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili ashike siasa moja kwa moja. Watu humkumbuka Pugu kwa TANU. Mimi nilimkumbuka kwa kazi aliyoifanya baadaye akiwa tayari ameshika nchi: alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, ikatoka mwaka 1963, kisha akairudia, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi mwenye mambo yote yale mezani aliona tafsiri yake haijatosha, akaishika tena. Nilipokuwa kijana habari hiyo ilinigusa kuliko hotuba zake zote. Kuandika upya kunahitaji uvumilivu, na uvumilivu huo ni mgumu kuupata ukiwa huna wa kukuambia wapi pamelegea.

Baada ya Kajiungeni gari linaanza kupanda. Joto la mjini linabaki nyuma. Upande mmoja na mwingine unaona miti ya misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, masalia ya msitu wa pwani ambao zamani ulikuwa umefunika vilima hivi vyote. Mama aliyekaa karibu nami, mwenye kapu la samaki wakavu mapajani, aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kwenye kikao cha waandishi.

"Waandishi wa habari?"

"Hapana, mama. Wa hadithi na mashairi."

Akanitazama vizuri. "Basi waandikeni na hawa wanaotumalizia msitu," akasema, kisha akageuka kuangalia njia.

Tukaifikia Minaki. Kwa wengi Minaki ni shule ya sekondari ya serikali, mahali ambapo mjomba fulani alisomea kidato cha tano. Lakini kwa mtu anayefuatilia historia ya maandishi ya Kiswahili, kilima hiki kina ukoo mrefu. Mwaka 1925 wamisionari wa UMCA walikihamishia hapa Chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho kabla ya hapo kilikuwa Kiungani, Unguja. Na Kiungani palikuwa na vijana wasiofanana na wanafunzi wengine. Wengi wao walikuwa watoto waliokamatwa bara na wafanyabiashara ya utumwa, wakaokolewa baharini majahazi yaliposimamishwa na manowari za Kiingereza, wakakabidhiwa misheni. Walitoka makabila mbalimbali na kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha.

Vijana hao waliandika. Waliandika kwa Kiswahili jinsi walivyochukuliwa makwao, nani alikufa njiani, nani aliwauza, na A. C. Madan akazitafsiri habari zao na kuzichapa kwa Kiingereza mwaka 1887. Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani pakaanza gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, likichapwa pale pale. Waliosoma chuoni walikuwa wametawanyika, wengine walimu Magila, wengine Masasi na Newala, na gazeti likawa linabeba habari zao kutoka kituo hadi kituo. Fikiria mwalimu kijana aliye peke yake kusini, safari ya siku nyingi kutoka kwa rafiki yeyote wa shule, anakaa usiku na kuandika habari za kijiji alichopangiwa. Anajua mwenzake wa Magila ataisoma. Anajua kwa jina nani atacheka, na nani atasema hapa umeongeza chumvi. Naamini ile ndiyo moja ya jumuiya za mwanzo kabisa za waandishi wa Kiswahili kwa hati za Kirumi, na wenyewe walikuwa watu ambao biashara ya utumwa ilikuwa imewanyang'anya kila jamaa waliyekuwa naye. Walitengeneza jamaa mpya kwa kalamu. Daladala lilipita lango la Minaki kwa haraka, na ningetamani lisimame.

Kisarawe mjini ni padogo na pana utulivu. Stendi, maduka, ofisi za wilaya, hospitali, msikiti na kanisa, bodaboda wamepanga pikipiki zao kivulini. Mwalimu alikuwa amemtuma kijana kunipokea. Tulipita njia ya udongo mwekundu kati ya mikorosho, tukafika nyumba ya bati yenye kibaraza kipana. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na mabenchi mawili yamesogezwa ukutani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama? Kaa, kaa hapa penye upepo."

Nilikuta watu wa kila namna. Muuguzi wa hospitali ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku na macho yake mekundu. Dereva bodaboda anayetunga mashairi. Mama muuza vitumbua, mtu mzima, ambaye ndiye aliyeleta kifungua kinywa na ambaye anaandika riwaya kwenye madaftari ya shule. Karani mmoja aliyekuja kutoka Kibaha, na binti aliyemaliza kidato cha sita. Na mzee mmoja, mchoma mkaa wa zamani, ambaye kusoma kunampa shida na hajawahi kuandika chochote. Nilipomuuliza mwalimu kwa sauti ya chini mzee huyu anakuja kufanya nini, akanijibu: "Kusikiliza. Bila yeye tungekuwa tunadanganyana."

Utaratibu wao ni mwepisi kuueleza, na mkali ukiwa ndani yake. Mwenye kazi anasoma kwa sauti, kurasa chache tu. Akimaliza, haruhusiwi kusema neno mpaka asemeshwe. Kisha mtu mwingine anazisoma kurasa zile zile, tena kwa sauti, na mwandishi anasikia maneno yake kwenye kinywa cha mtu mwingine. Hapo ndipo kazi inapojifichua. Msomaji wa pili akikwama, kila mtu amesikia alipokwama. Akipumua mahali ambapo mwandishi hakuweka nukta, kila mtu amesikia. Baada ya hapo wasikilizaji wanazunguka mmoja mmoja, na kila mtu anaanza kwa kueleza alichokisikia: nani amefanya nini, wapi, kwa nini. Maoni yanakuja mwisho. Ukisema "nzuri" lazima uonyeshe mstari. Ukisema "mbaya" lazima uonyeshe mstari.

Mama wa vitumbua alisoma kwanza. Riwaya yake inamhusu mwanamke ambaye mumewe anachoma mkaa pembezoni mwa hifadhi na anakaa porini wiki nzima akilinda tanuri. Katika kurasa za siku ile mwanamke anampelekea chakula. Anafika karibu, anaona moshi mweusi unapanda juu ya miti, na moyo wake unatulia kwamba mume yupo kazini.

Ilisomwa mara mbili. Tukazunguka. Binti akasema alichosikia, karani akasema chake. Zamu ikafika kwa mzee.

"Binti yangu, moshi wa tanuri hauwi mweusi hivyo," alisema. "Ukiwasha, unatoka mweupe, mzito, maana kuni zina maji. Siku zinavyokwenda unapungua. Ukiuona umekuwa mwembamba, una rangi ya bluu, huo ni wakati wa kuziba matundu. Usipoziba, hewa inaingia, mkaa wote unakuwa majivu. Mchomaji halali siku hiyo."

Kibaraza kikanyamaza. Mama alikuwa ameshika kalamu, lakini haandiki, anamtazama mzee.

"Kwa hiyo babu," akasema muuguzi taratibu, "huyu mwanamke akifika akakuta moshi wa bluu, na matundu hayajazibwa..."

"Basi mume hayupo," mzee akamalizia. "Au yupo na ana jambo."

Sijawahi kuona hadithi ikigeuka namna ile mbele ya macho yangu. Mwanamke wa riwaya, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akipeleka chakula tu, sasa anasimama msituni na sufuria kichwani akiusoma moshi. Ni binti wa wachoma mkaa, anajua maana yake kabla hajafika. Mwandishi hana haja tena ya kutuambia kwamba ana wasiwasi. Rangi ya moshi inasema yote. Mama wa vitumbua aliinama akaandika ukurasa mzima pale pale, huku chai yake ikipoa. Hakuna mhariri wa Dar es Salaam ambaye angempa zawadi hiyo. Angemsahihishia herufi kubwa na mkato, na moshi mweusi ungeingia kitabuni ukabaki humo daima.

Ndiyo maana siwakubali wanaosema kikundi kinawafaa waandishi wachanga tu, kwamba mtu akishakomaa anajitosheleza. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, anahamishwa kituo hadi kituo, na kazi yake ya uandishi aliifanya baada ya saa za ofisi. Lakini zipo barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za kati ya 1931 na 1958, ambazo zilichapishwa kitabu mwaka 2002 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Ulenge mwenyewe alikuwa mwandishi. Nguzo ya Maji ni kazi yake. Watu wawili, miaka 27, wakiandikiana. Ukizisoma barua zile unaacha kumfikiria Shaaban Robert kama mtu aliyeshushiwa maneno kutoka juu akiwa peke yake. Alikuwa na ndugu anayemsoma. Na zaidi ya ndugu alikuwa na magazeti, kwa sababu tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi wa pwani na bara walikuwa wanaulizana na kujibizana humo. Shairi la mtu wa Tanga lilijibiwa na mtu wa Tabora ambaye hawajaonana. Ukikosea vina, jibu linakufuata gazetini, nchi nzima inasoma. Shule ya namna hiyo ni kali, na imetoa watu.

Zamu ya pili ilikuwa ya dereva bodaboda. Shairi lake lilimhusu abiria anayemlipa kwa simu, na ujumbe wa malipo hauingii. Lilichangamsha sana. Mwalimu, ambaye amelelewa na Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi, kitabu cha mwaka 1954, alikuwa anahesabu mizani kwa vidole juu ya goti lake. Alipofika mshororo wa tatu wa ubeti wa pili vidole vikasimama.

"Kijana, hapa una mizani kumi na saba."

"Najua, mwalimu. Pale ndipo mtandao unakatika."

Watu walicheka, mwalimu naye akacheka, lakini hakuachia. Walibishana muda mrefu. Mwalimu anaona kwamba ukivunja mizani lazima msikilizaji aisikie mizani kwanza, aizoee, ndipo kuvunjika kumshtue. Na kijana alikuwa ametunga ubeti mmoja tu kabla ya kuvunja. Kijana anaona kwamba watu wa rika lake wanasikia mapigo kwa namna nyingine, kwa sababu ya muziki waliokua nao. Ni ubishi ule ule uliozuka miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wanamapokeo wakasema hayo si mashairi. Vita ile ilipiganwa vitabuni na magazetini, na ilikuwa na maneno makali. Kisarawe ilipiganwa kwenye mkeka mmoja kwa vitumbua na chai ya rangi, na ikaisha kwa kijana kuahidi kuongeza beti mbili za mizani kumi na sita kamili kabla ya ule unaokatika. Mwalimu naye akaahidi kuacha kuhesabu kwa vidole mpaka shairi liishe. Upande wangu ni wa mwalimu katika hili. Kanuni unaivunja vizuri ukiwa umeishika.

Karani wa Kibaha aliingiza habari ya mwanamuziki Muhidin Gurumo, ambaye kwao ni Masaki, humu humu wilayani Kisarawe. Alisema bendi za zamani, NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park iliyoanza 1978, zilikuwa vikundi vya watunzi hasa. Mtu analeta wimbo mazoezini, wenzake wanautia magitaa na tarumbeta, ukitoka hapo ni wa bendi. Sikutegemea kuisikia hoja hiyo kwa karani wa ofisi, na ni ya kweli. Tumewapa wanamuziki haki ya kufanya mazoezi pamoja, mwandishi tukamfungia chumbani.

Halafu ikawa zamu ya muuguzi, na kikao kikabadilika.

Alisoma juu ya usiku mmoja wadi ya wazazi. Sitasimulia yaliyomo, kwa kuwa kanuni yao ni kwamba kinachosomwa kibarazani kinabaki kibarazani hadi mwenyewe akitoe. Ninachoweza kusema ni kwamba alisoma bila kuinua macho, na aliyepaswa kuzisoma kurasa zile mara ya pili, yule binti, alisimama katikati akashindwa kuendelea. Mama wa vitumbua akachukua karatasi mkononi mwake akamalizia. Hakuna aliyetaja mstari wala nukta. Watu walikaa tu. Baadaye mwalimu akauliza swali moja.

"Mama wa mtoto yule yupo hapa hapa Kisarawe?"

"Yupo, mwalimu."

"Akisoma haya, atajijua?"

Muuguzi akafikiri. "Atajijua."

Wakaanza kulifanyia kazi swali hilo pamoja: nini kibadilishwe ili mama yule asivuliwe nguo mbele za watu, na nini kisiguswe kwa sababu kikiguswa ukweli unaondoka. Hospitali ikahamishwa. Majira yakabadilishwa. Umri wa mama ukabadilishwa. Saa ya ukutani ikabaki, na maneno aliyoyasema muuguzi kwa bibi aliyekuwa akingoja nje yakabaki. Muuguzi aliandika yote hayo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba tangu usiku ule alikuwa hajamsimulia mtu, hata nyumbani.

Wapo wanaodharau upande huu wa vikundi. Wanasema mwandishi hakuja kutibiwa, amekuja kufanya kazi. Niliyoyaona yananiambia kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki kirahisi. Ukurasa ule ulikuwa bora baada ya kikao kuliko kabla, na ulikuwa bora kwa sababu aliyeuandika hakuwa tena ameubeba peke yake. Kampala wanalijua hili. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, kimekuwa na klabu ya wasomaji na waandishi inayokutana Jumatatu, unaleta kazi yako inasomwa na kukosolewa. Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, ni mmoja wa waliopitia chama hicho. Waganda wengi wanazungumzia ushindi ule. Mimi napenda kuzifikiria zile Jumatatu zisizo na ushindi wowote, mvua inanyesha, wamefika watu watano, na bado kikao kinafanyika.

Sisi Tanzania tumewahi kuwa na kitu kikubwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi, akawaomba wabebe ujumbe wa siasa mpya kwa wananchi. Hapo ndipo UKUTA, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ulipopata nguvu, na vitabu vya Mathias Mnyampala vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Ngonjera ziliingia shuleni. Mpaka leo mtoto wa darasa la nne anaweza kusimama mbele ya mgeni rasmi akajibizana na mwenzake kwa vina. Ni mafanikio makubwa, na nawaheshimu waliofanya kazi ile. Lakini kikundi kinachopokea mada kutoka juu kinazoea kungoja mada. Mshairi anaulizwa ametumikia nini, na hakuna anayemuuliza mshororo wa tatu una kasoro gani. Kikao cha Kisarawe hakina mada. Mada inakuja na mtu kwenye begi lake.

Siku hizi tuna tuzo, nalo ni jambo jema. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na kabla yake ilikuwapo ya Mabati-Cornell tangu 2015. Zimewapa watu sababu ya kumaliza miswada. Ila tuzo inakutana na mswada ukiwa umekwisha. Miaka mitatu ya katikati, sura ya nne inapogoma na mtoto anaumwa na ada inadaiwa, haina mkono wa kufika huko. Anayefika huko ni mtu wa mtaa wa pili anayekuuliza sokoni: yule mwanamke wa msituni, je, alimkuta mumewe?

Niliwauliza wanaendeshaje mambo. Kila anayekuja anatia kidogo kwenye kopo la maziwa ya unga, anayekosa hatii, na fedha hiyo inalipa kuchapa na kutoa kopi kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Msimu wa kubangua korosho kikao kinasogezwa, kwa kuwa akina mama hawana nafasi. Wakati wa mvua anayetoka vijijini kama Maneromango anaweza asifike kabisa, na kurasa zake zinasomwa na mwingine, maoni yanaandikwa na kupelekwa na dereva bodaboda. Kuna wakati walibaki watatu tu, akaniambia mwalimu, na mmoja wa hao watatu ni mzee wa mkaa. Waliendelea. Laiti wangekuwa na chumba chenye taa, wangekutana jioni pia, na kuna watumishi wengi wa shule na ofisi wasioweza kuja mchana. Wilaya nyingi za nchi hii zina ukumbi unaofungwa saa tisa na nusu alasiri. Kuwaachia ufunguo watu kama hawa hakugharimu kitu, na sioni kwa nini maofisa utamaduni wasilifanye wiki hii.

Zamu yangu ilikuja mwisho, jua limeshalala upande. Nilisoma kurasa tatu juu ya babu yangu, ambaye ujanani alitoka kwao kwa miguu kwenda kukata mkonge. Karani akazisoma mara ya pili. Kusikia sauti ya mtu wa Kibaha ikimtaja babu yangu kulinipa hisia ambayo sijawahi kuipata mezani kwangu, kwamba babu sasa anajulikana na watu wengine. Wakazunguka. Mzee wa mkaa akauliza: "Alibeba nini?" Nikamwambia kurasa hazijasema. "Zitasema," akajibu, "maana mtu haondoki hivi hivi. Kilicho mkononi kinakwambia kama ana nia ya kurudi." Muuguzi akauliza nani alibaki na mama yake babu. Mama wa vitumbua akataka kujua kama walikuwa wamegombana.

Mwalimu alifungua daftari lake lenye jalada gumu, akaandika mpangilio wa Jumamosi itakayofuata: kijana na beti zake mbili, mama na mwanamke wake aliyesimama msituni, kisha mimi. Akanisindikiza hadi njia ya stendi, na mzee akafuatana nasi akiegemea fimbo.

"Kurasa ngapi, mwalimu?"

"Tatu zinatosha. Mfikishe hata Korogwe."

"Na mzigo wake," akasema mzee. "Usisahau mzigo."

Daladala la mwisho la Gongo la Mboto lilikuwa linapakia magunia. Nilipata kiti nyuma, nikatoa kalamu, na kabla hatujafika Kajiungeni nilikuwa nimeshaandika kwamba alibeba jembe lisilo na mpini, na kwamba mpini wake aliuacha umeegemezwa ukutani nyumbani kwa mama yake.